Mafuta ya Mikaratusi Hadi Muthangari

Nilisafiri kwa sababu ya mikaratusi sita aliyotuachia mama, mimi na wadogo zangu wawili. Anko, mdogo wa baba, alitaka kuikata ajenge vyumba vya kupangisha. Nilimwomba asubiri: mwanamke mmoja mwenye nyumba ya masaji Muthangari alikuwa amesema atachukua mafuta ya majani yake kila mwezi, akiyapenda. Anko alicheka, akauliza tangu lini watu wakalipia dawa ya mafua wakiwa wazima.

"Haya, Njoki. Ukirudi na chupa yako, msumeno unaingia."

Saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani Waithaka. Wiki nzima nilikuwa nimechemsha majani kwenye pipa, mvuke ukipita katika bomba lililozama kwenye ndoo ya maji baridi, nami nikiengua mafuta kijiko kwa kijiko. Kabla ya kuondoka niliyachanganya na mafuta ya kupikia, nusu kwa nusu, kama mama alivyofanya kabla ya kutupaka kifuani. Yakiwa peke yake huchoma ngozi.

Nilitembea kupitia Kawangware, na saa tatu nikawa Muthangari. Askari wa getini alinusa chupa, akasema hata mgongo wake ni mteja.

Madam alinipa chai, akanionyesha kibakuli cha mafuta ya mkaratusi kilichowekwa juu ya mshumaa. Watu wa ofisini, alisema, hulala hapo wakivuta harufu hiyo mpaka mawazo yapungue. Nyumbani tulijifunika blanketi juu ya sufuria ya majani.

Kisha akadondosha tone langu kwenye karatasi nyeupe. Mafuta safi, alieleza, hukauka bila kuacha alama. Tulimaliza chai. Karatasi ilikuwa na doa kama iliyofungiwa mandazi.

"Umeweka nini humu?"

"Mafuta ya kupikia, Madam. Yasichome wateja."

"Wote husema hivyo wakishikwa."

Nilimwomba wiki moja nilete mengine. Alikataa. Nikitoka, niliona mfanyakazi wake akimimina mafuta ya lozi kwenye bakuli, kisha matone machache ya mkaratusi, tayari kwa mgongo wa mteja.

Saa saba nilikuwa Waithaka. Sikumficha Anko. Alitazama chupa, akawaita wakataji. Nilimwomba majani tu.

Kufikia jioni miti yote ilikuwa chini. Siku iliyofuata alichoma visiki visichipue, na sisi watatu tukachemsha majani ya mwisho.

Nilijifunza kwamba mnunuzi hutaka kuchanganya mwenyewe. Safari hii sikuongeza kitu. Nilidondosha tone kwenye karatasi, likakauka lote, na karatasi ikabaki nyeupe.