Sikio la Shangazi Ndani ya Kabati la Joto

Fundi Jeli alikuwa akichapa masikio. Usicheke, ndiyo kazi iliyomlisha. Maabarani, ghorofa ya pili, alichanganya gelatini na unga wa mwani mpaka ikawa jeli, akatia ndani yake seli hai za gegedu, ule mfupa laini wa sikio, akajaza bomba la sindano, na printa ikaikamua utepe juu ya utepe mpaka sikio likasimama. Seli zikimwagwa kwenye sahani tupu hulala bapa na kusahau kazi yake. Ndani ya jeli hupata juu, chini na ubavuni, zikadhani ziko mwilini. Hayo angekueleza hata kama hukumuuliza.

Nyumbani lakini hakuwa na wa kumweleza. Aliishi na Shangazi, aliyemlea tangu hajaota meno, na Shangazi hakuwa akisema naye. Chanzo? Ulimi hauna mfupa. Kwenye harusi ya binamu, mbele ya wakwe, Fundi Jeli alimnong'oneza, "Shangazi, punguza sauti kidogo." Shangazi akapunguza. Akapunguza mpaka ikaisha. Tangu mwaka juzi alipika, akapakua, akagonga meza kwa kijiko kumwita aje ale, basi. Shikamoo aliijibu kwa kikohozi. Fundi Jeli aliomba msamaha kwa magoti, kwa zawadi, kwa kumtuma baba mdogo. Wapi! Nyumba ile ilimuuma mtoto wa watu.

Kisha Shangazi akatolewa kivimbe sikioni, na hospitali ikamwomba kipande cha gegedu kwa ajili ya maabara ile ile. Alikubali kwa sharti kwamba atakuwa akienda kuitazama nyama yake. Seli zake zikakuzwa, zikachapwa sikio, sikio likawekwa kwenye kabati la joto lenye mlango wa kioo. Ijumaa Shangazi akaja na mkoba wake, akainama.

"Hujambo, mwanangu? Wanakutunza?" aliliuliza sikio. Jamani, sauti ile ile! Fundi Jeli nusura aangushe sahani. "Mwambie huyo aliyesimama nyuma yangu, mlango wa jikoni haufungi."

Fundi Jeli akasogea, naye akakiinamia kioo. "Mwambie Shangazi nitamleta seremala."

"Mwambie asimlete yule wa mwaka jana. Mwizi wa misumari."

Wakawa wanasemezana hivyo kila Ijumaa, na nyumbani kijiko kikaendelea kugonga meza. Ungedhani Profesa, mkubwa wa maabara, angewatimua. Thubutu! Aliapa kuwa seli hunawiri zaidi baada ya ziara, akaleta kiti cha mgeni. Alipolikata sikio kulitazama kwa darubini, Fundi Jeli alichapa jingine, na Shangazi akasema mtoto amebadilisha nguo. Hata mhasibu akaanza kuja kuliomba sikio likizo, maana Profesa hakuwahi kumkubalia ana kwa ana. Profesa akalijibu sikio kwamba atafikiria. Watu wazima na akili zao!

Ijumaa moja Shangazi akasema, "Mwambie wiki ijayo nina neno la mwisho. Ajiandae."

Fundi Jeli akapiga hesabu. Neno la mwisho ni ama msamaha, ama Shangazi anahamia kwa baba mdogo. Wiki nzima alitunga utetezi.

Siku ilipofika alichapa sikio jipya huku akiyarudia maneno ya kujitetea. Sasa, jeli ile hushikwa na gelatini ikiwa baridi tu. Kinachoikaza kweli ni mwani, na mwani haukazi mpaka sikio lizamishwe kwenye maji ya kalsiamu. Miaka nenda rudi hakuwahi kukosea. Siku hiyo alifika kwenye "nisamehe, Shangazi," machozi yakamlenga, akalitia sikio kwenye kabati la joto bila kulizamisha.

Shangazi akaketi, akakohoa. "Mwambie," alianza, "mwambie kwamba mimi..."

Ndewe ikalegea. Ukingo wa juu ukainama taratibu, kama mtu anayesinzia mkutanoni. Shangazi akabandika pua kwenye kioo. Sikio likakaa chini, likajimwaga, likawa uji. Mlangoni mhasibu, aliyefuata likizo yake, akavua kofia.

"Kalsiamu," alisema Fundi Jeli. "Nimesahau kalsiamu."

Shangazi akageuka, akamkazia macho.

"Umesahau? We mtoto we! Nyama yangu mwenyewe umeichemsha! Nimekulea, nimekusomesha, unashindwa kuzamisha sikio! Na mimi nilikuwa nimejipanga likuambie kwamba yameisha. Sasa hayajaisha! Chukua mkoba wangu, twende!"

Akashuka naye ngazi akifoka. Walipofika getini, lawama zilikuwa zimefikia mlango wa jikoni. Barabarani akaingia kwenye nywele ambazo Fundi Jeli alinyoa bila kuaga, viatu visivyofutwa, yule mchumba aliyeachwa bila sababu, na harusi yenyewe, tangu maamkizi mpaka keki. Watu waligeuka kutazama. Fundi Jeli alitembea ubavuni pake na mkoba kifuani, uso umelowa, akiitikia, "Ndiyo, Shangazi. Kweli, Shangazi."

Shangazi akasimama katikati ya njia.

"Unalia nini? Sijafika hata nusu."