Siku Nilipomgeuza Mchumba Kuwa Dada Mbele ya Wakwe

Kuna watu hapa Tarime wakiniona sokoni hadi leo wananiuliza, "Mwita, dada yako hajambo?" halafu wanacheka, nami nacheka nao maana nifanyeje, na kwa kuwa mmeshasikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, bora niwasimulie mwenyewe aibu yangu yote, mcheke tumalizane.

Miaka ile ya dhahabu, Nyamongo ikiwa imefurika watu, mimi sikuwa nachimba (nilijaribu, nikaingia shimoni mara moja, nikatoka nikiwa nimeokoka). Nilikuwa na banda la video. Televisheni, deki, jenereta, mabenchi na maiki, kwa sababu kazi yangu hasa ilikuwa kutafsiri, yaani picha inakwenda, wazungu wanaongea Kiingereza chao, mimi nimekaa pembeni nawaambia watu kwa Kiswahili kinachosemwa, na nisipoelewa (mara nyingi sikuelewa) natunga.

Katika kaseti zangu kulikuwa na moja ya Krismasi, ya zamani sana, haina rangi, nyeusi na nyeupe tupu, niliikuta Sirari ndani ya boksi la deki niliyouziwa. Ni habari ya dereva wa garimoshi aliyekwama kwenye theluji mkesha wa Krismasi (mwanzoni watu wangu waliuliza kwa nini wazungu wanakanyaga unga), anahangaika afike kwa mchumba wake, wanakijiji wanatoka na makoleo wanamfukulia njia, asubuhi anafika, mchumba yuko stesheni, wanakumbatiana, wanapigana busu refu ajabu, wanakwenda kanisani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mateke. Nilidhani itanifukuzia wateja, kumbe wale wachimbaji, waliokuwa wakikwama machimboni sikukuu baada ya sikukuu kwa sababu hawana cha kupeleka nyumbani, waliiona wakaitaka tena, na mwaka uliofuata tena, wanaume wazima wanafuta machozi, na jirani yangu mwenye banda lingine aliyeleta picha mpya ya rangi siku hiyohiyo akabaki na mabenchi matupu. Waliijua yote kwa kichwa. Pale kwenye busu nilikuwa nimemtungia dereva maneno, "Njoo hapa mtoto mzuri, nimekuja na baridi yote, nipashe moto mpaka padri achoke kusubiri," na banda zima lilikuwa linayasema pamoja nami.

Sasa mwaka huo nilikuwa nimeposa kwa kina Bhoke, kijijini Susuni. Ng'ombe walishakubaliwa, ilibaki wazee waseme siku ya kumchukua bibi harusi. Kikwazo kilikuwa baba yake mdogo, mtu mkali, aliyesema waziwazi kwamba mimi sina kazi, nakaa gizani naropoka, na binti wa nyumba yao haendi kwa mropokaji. Baba mkwe, mzee mtulivu, akasema basi kijana aje Krismasi na hiyo kazi yake tuione, tukishaiona tutajua la kusema. Mimi huyo nikakubali mbiombio, nikasema nitaleta picha yangu bora kuliko zote, na sikumfikiria mama mkwe hata kidogo.

Kwetu Wakurya mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hukai naye chumba kimoja, humtazami usoni, na neno la mambo ya mapenzi likikutoka naye akasikia, hiyo aibu inawapata wazee wako wote, si wewe peke yako. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshafika, nimeshafunga nyaya, jenereta inanguruma uani, madirisha yamezibwa mablanketi ili giza lipatikane saa nane mchana, sebule imejaa wazee waliotoka kanisani, ndipo Bhoke akaja kuninong'oneza, "Mama amekaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Hataona, lakini anataka kusikia."

Nikamwangalia Bhoke, nikaangalia pazia, nikaangalia spika. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, maana lile busu lilikuwa linakuja, kaseti haijui ukwe, na kwenye mabenchi ya nyuma alikuwa amekaa rafiki yangu Marwa na wachimbaji wenzake wa Susuni waliorudi sikukuu, wote wateja wangu.

Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kusema deki mbovu. Badala yake, dereva alipotoa picha ya mchumba wake mfukoni akaitazama kwa huzuni, nikafanya uamuzi mdogo tu, nikasema kwenye maiki, "Huyu ni dada yake anayempenda sana."

"Dada yake tangu lini, mura?" Marwa akauliza kutoka nyuma.

"Tangu wazaliwe," nikajibu, watu wakacheka, nikadhani nimepona.

Shida ya uongo wa namna hiyo ni kwamba unataka chakula kila baada ya muda. Mchumba anaandika barua analia, mimi nikasema dada anaolewa, anamkumbusha kaka yake awahi na asisahau chumvi. Anabusu bahasha, nikasema anaifunga kwa mate. Na wazee, jamani, wakanogewa. Baba mkwe akawaelezea wenzake kwamba ndiyo maana kijana anahangaika namna ile kwenye baridi, kwa sababu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaoa nao, sasa asipofika siku ya dada kuolewa yeye naye ataoa na nini. Wakaitikia wote kwamba kweli, huyo ni kijana mwenye akili. Hata baba mdogo akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hii picha ina mafundisho." Kila walivyozidi kuisifu ndivyo nilivyozidi kuisogelea deki, kwa sababu garimoshi lilikuwa limeshang'oka kwenye theluji na linakwenda moja kwa moja stesheni, na mimi ndiye niliyewaambia nani anasubiri pale.

Mpango wangu ulikuwa kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele mara tu garimoshi litakaposimama, niruke hadi kanisani, niseme dada anaolewa na mtu mwingine. Nikaweka kidole tayari. Dereva akaruka chini, binti akakimbia, nikabonyeza, deki ikakoroma, ikalia kama inatafuna mahindi mabichi, ikala mkanda, na picha ikagandia palepale midomo ilipokutana. Ikabaki hivyo, inacheza kidogo, na mistari juu na chini.

Nikabonyeza kila kitufe, ikakataa. Nikataka kukimbilia jenereta, mlangoni wamekaa bibi zake Bhoke na miguu yao imenyooka, siwezi kuwaruka. Ndipo, sijui ni mazoea tu au pombe ya sikukuu, wachimbaji wa nyuma wakaanza kwa pamoja, kwa sauti nene, kama walivyozoea bandani, "Njoo hapa mtoto mzuri, nimekuja na baridi yote, nipashe moto mpaka padri achoke kusubiri." Wakamaliza yote. Hawakuacha hata neno.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba mdogo akasimama mbele ya televisheni, busu likawa linacheza nyuma ya mgongo wake. "Anambembeleza dada yake hivyo?" akauliza. "Na mnayajua maneno yenyewe? Huko machimboni ndiyo mnafundishwa hayo? Kaka, huyu si wa kumpa mtoto."

Baba mkwe akanigeukia mimi, taratibu, akasema, "Mwita. Yule ni dada yake au si dada yake?"

"Si dada yake, Tata," nikasema, na sauti yangu ikasikika nyumba nzima kwa sababu maiki nilikuwa bado nimeishika mdomoni kwa hofu. "Ni mchumba wake. Wanakwenda kufunga ndoa."

"Sasa kwa nini umetudanganya?"

"Nilimwogopa mama."

Nimemtaja mama mkwe, kwenye spika, siku ya Krismasi, busu likiwa bado kwenye televisheni. Bhoke akajifunika uso kwa kanga. Nikawa naanza kukunja nyaya niende zangu nikafie njiani, ndipo pazia likatikisika na sauti ya mama mkwe ikatoka (sikuwahi kuisikia kabla ya hapo), haizungumzi na mimi, inazungumza na binti yake ili mimi nisikie.

"Bhoke, mimi sioni huku, nasikia mnagombana tu. Mwulize huyo kijana, yule wa garimoshi alifika kwao au hakufika?"

Bhoke akanitazama. Mimi nikageukia ukuta, kwa heshima, nikasema, "Amefika, mama. Yuko nyumbani."

"Asante Mungu," akasema. "Nilikuwa namwombea tangu alipokwama. Mambo mengine mtamalizana wenyewe."

Baba mdogo akakaa chini, maana shemeji yake akishasema, nani tena. Wazee walinitoa nje, wakazungumza muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko barabara ya Mugumu, na waliponiita waliniambia siku ya kumchukua Bhoke, pamoja na karipio ambalo silirudii hapa.

Ule mkanda nilifungua kaseti nikaukata pale palipotafunwa, nikaunga kwa selotepu, kwa hiyo busu lenyewe halipo tena, dereva anaruka kutoka kwenye garimoshi anaangukia kanisani. Na nimeapa, sitatafsiri tena ukweni maisha yangu yote. Lakini kila Krismasi wakwe wanaitaka picha hiyohiyo, wamekataa ya rangi, kwa hiyo mtafsiri ni Marwa, mimi nakaa uani na jenereta. Nikisikia ndani wamenyamaza najua garimoshi limesimama, nainamisha kichwa nangojea, kisha nyumba nzima inayasema maneno yangu mahali pale pasipo na picha, wachimbaji, wazee, baba mdogo, na kutoka nyuma ya pazia sauti moja ya mama mtu mzima, inayowatangulia wote.