Mtoto Aliyengoja Baraza

Kifusi kilikuwa kimeziba barabara yote, na mwanangu alikuwa akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Tulitoka Mtae alfajiri kwa gari la kukodi, tukiwahi hospitali Lushoto. Mume wangu na dereva walishuka kusaidiana na wanakijiji kuondoa udongo. Nikabaki garini na baba mkwe.

Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Kwa kufundisha habari za neema hana mpinzani: Mungu aliwachagua walio wake kabla ya kuumba dunia, wala hakuna anayeokoka kwa wema wake. Lakini mimi na mwanawe tulianza kuishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani, kwa hiyo tulitengwa. Meza ya Bwana hatuisogelei, na mtoto wetu habatizwi mpaka tutubu mbele ya usharika. Baraza la wazee lilipoamua hivyo, yeye naye alinyoosha mkono. Tangu hapo hakukanyaga kwetu. Asubuhi hiyo tu, aliposikia mjukuu wake ana hali mbaya, alikuja akaketi kiti cha mbele cha gari.

Mtoto akaacha kuhema, kisha akavuta tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mimi nina hasira za karibu, na hofu ilizichochea.

“Baba,” nikasema, “kama Mungu ndiye anayechagua, mbona mwanangu anangoja baraza?”

Akageuka, akaomba chupa yangu ya maji ya kunywa. Kifuniko kikamshinda, nikamfungulia.

“Anaitwa nani?”

“Hana jina. Kumpa jina ni kazi ya babu yake. Tulikuwa tunakungoja wewe.”

Aliinamisha kichwa. Akataja jina lake mwenyewe, akammiminia mtoto maji kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto hakulia. Hilo lilinitisha kuliko yote.

“Akifa je?” nikauliza.

“Ni wa Mungu.”

“Na akipona?”

“Ni wa Mungu vilevile, mwanangu. Alikuwa wake tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kumzuia.”

Wanaume walimpitisha mtoto mkono kwa mkono juu ya tope hadi kwenye gari lililokwama upande wa pili wa kifusi, nami nikifuata bila viatu. Tulifika hospitali bado anapumua. Akapona.

Jumapili ya kwanza tuliyorudi kanisani, watu walipoinuka kwenda mezani, mimi na mume wangu tulibaki benchi la nyuma kama kawaida yetu. Baba mkwe aliinuka kwenye viti vya wazee, lakini hakwenda mezani. Alikuja nyuma, akaketi nasi, akanyoosha mikono nimpe mtoto.