Mzee Simiyu na Asili ya Mkono

Siamini bado. Mzee Simiyu wa Tongaren ametuacha, na kutoka Kachibora mpaka Bumula, aliyebaki akijua neno "hand" lilitoka wapi ni mimi peke yangu. Maprofesa, namba yangu mnayo.

Miaka ya hamsini Mzee alikuwa mpishi wa Kaburu mmoja huko Kitale. Siku moja Kaburu akawa mezani anabishana na mgeni Mjerumani. Kiingereza "hand", Kijerumani "hand", Kikaburu "hand". Ati hizo lugha zote zina nyanya mmoja wa zamani sana, na huyo nyanya alilitoa hilo neno kwa kitendo cha kukamata.

Mzee akadakia kutoka kwa sinki: "Si hata kwetu mkono ni wa kukamata, bwana?"

Waah! Kaburu akainuka, akaja akamshika mkono na povu la sabuni juu yake. Mara ya kwanza na ya mwisho. Kesho yake alimfokea juu ya mayai kama kawaida.

Mimi nikisimulia hiyo stori sokoni, huwa naongeza simba mlangoni.

"Wewe Wafula, simba ametoka wapi?" Mzee alikuwa akiuliza. "Na umeacha labda tena! Wale waliosoma walisema LABDA ni kukamata. Hawana hakika."

"Mzee, labda inaharibu utamu."

"Kwenda huko! Leta mkono nikusalimie."

Na akikushika, umeshikwa. Haachilii mpaka stori iishe. Nimewahi kukosa meeting nzima ya ushirika nikiwa nimeshikwa hapo kwa lango lake, bana.

Familia imeniweka kwa programme ya mazishi Jumamosi niongee juu ya Mzee na lugha. Nitaongea vizuri sana, mnanijua. Lakini kuna kitu sitaweza kusema kwa microphone.

Alhamisi hospitalini hakuwa anaongea tena. Akaninyooshea mkono. Na mimi, mtaalamu wa mkono, nikamwekea ndizi.

Akaiangalia. Akaniangalia. Mabega yakatingishika, akacheka bila sauti. Nikaichukua, nikaimenya, nikaila mwenyewe.

Tangu siku hiyo, Mzee, najiambia labda ulisikia njaa.

Pumzika sasa, Mzee wangu. Simba nimemtoa kwa stori, na labda nimeirudisha mahali pake. Ila hapa kwa ndizi, labda haipo. Ulitaka nikushike.