Kimea cha Uji wa Mjukuu

Mjukuu wetu wa kike alikuwa na miezi kumi mama yake aliposhika mimba nyingine akamwachisha kunyonya. Kwetu wengi bado wanaamini kuwa maziwa ya mjamzito humdhuru mtoto. Akatuletea hapa Kisaka, mimi na mke wangu, tumlee. Nilimpokea kwa shukrani, nikidhani chakula kipo na kazi ni ndogo. Baada ya miezi miwili, mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulitoka kwenye kijani ukaingia kwenye kijivu, dalili ya uzito pungufu.

Muuguzi wa zahanati hakutugombeza. Aliuliza tu tunampa nini. Mke wangu akataja kwa fahari: uji wa ulezi, wenye karanga zilizokaangwa na dagaa waliotwangwa na kuchekechwa.

"Vyote vizuri," akasema muuguzi. "Uji wenyewe ukoje?"

Hapo ndipo tulipokwama. Ukiwa mzito, mtoto aliuzungusha mdomoni kisha akautema. Tukiongeza maji aliunywa wote, tumbo likajaa, lakini alichokunywa kilikuwa maji zaidi kuliko chakula.

"Tafuteni kimea cha ulezi," akasema. "Kijiko kidogo tu kwenye uji mzito, utalainika bila kuongeza maji."

Mke wangu aliniangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Kimea ni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, na kwetu kazi yake ni kupikia pombe. Nilikuwa mwinjilisti kwa miaka mingi, na nilifundisha kwamba nyumba iliyookoka haiweki kimea ndani. Nilisimama kwenye nyua za watu nikitazama kikimwagwa chini, kuku wakikila. Sasa hakuna muumini hata mmoja niliyemjua aliyekuwa nacho. Aliyekuwa nacho ni jirani yetu, mjane anayepika pombe, ambaye nilimsema kanisani mara nyingi bila kumtaja jina, na kila mtu akamjua.

Niliomba siku mbili. Sikuomba nionyeshwe njia, maana nilikuwa nimeiona. Niliomba njia nyingine.

Siku ya tatu mke wangu akasema, "Aliyemsema ni wewe. Wa kwenda ni wewe."

Jirani alikuwa anafagia uwanja. "Karibu, mwinjilisti," akasema. "Leo umekuja kumwaga nini?"

"Nimekuja kuomba," nikasema, nikamweleza habari za mtoto.

Aliegemeza ufagio ukutani. Nilidhani angenipa kimea kutoka kwenye gunia lililokuwa mlangoni, lakini alikataa. "Hiki ni cha wanywaji, kimekaa, kinaweza kuwa na ukungu. Cha mtoto tutaotesha upya. Lete ulezi safi."

Tuliloweka ulezi usiku mmoja. Kesho yake tukautandaza kwenye kitambaa kilichochemshwa, tukaufunika, na yeye akanipa kazi ya kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Ulipochipua tuliuanika, tukapekecha vichipukizi vikatoka, tukasaga. Mikono yangu ilinukia harufu niliyoikemea maisha yangu yote.

Siku ya kwanza ya kukitumia sikutaka kumsubiri jirani. Uji ulipokuwa unachemka kwa nguvu nilitia kijiko cha kimea, nikakoroga. Haukulainika hata kidogo. Nilitia cha pili. Mtoto akatema vilevile. Nikakaa jikoni nikiwaza kwamba labda Mungu amenikatalia, na kusema kweli sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi.

Mke wangu akamwita jirani. Alichungulia sufuria, akacheka mpaka akashika kiuno. "Umekiunguza, mzee! Nguvu yake imekufa. Hata hao walevi unaowaombea wanajua kwamba jambo hili halina haraka."

Akapika mwingine, mzito. Akauipua, akasubiri upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo akatia kijiko kimoja. Tulitazama. Baada ya muda mfupi mwiko ulianza kwenda kwa urahisi, na uji ukalegea bila tone la maji. Akaurudisha motoni ukachemka tena kidogo, ukapozwa. Mtoto alikunywa kikombe kizima.

Jumapili niliomba nafasi nikasimama mbele ya kanisa. Nilisema nilikosea juu ya kimea, na nilimkosea jirani yangu kwa kumsema mbele ya watu. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa ukali, "Kwa hiyo pombe umeihalalisha?"

"Pombe naikataa kama zamani," nikamjibu. "Lakini nilikataza chakula cha watoto, na si Mungu aliyekikataza. Nilikataza mwenyewe."

Hakuridhika, na sikumlazimisha. Mama wawili wenye watoto wachanga walinifuata nje wakauliza kinaoteshwaje. Niliwaelekeza kwa jirani, kwa sababu yeye ndiye anayejua.

Tuliendelea kila siku, kikombe baada ya kikombe, hata siku ambazo mtoto alikuwa na homa na kukataa kijiko mara kumi. Mwezi uliofuata tulimpeleka zahanati, na safari hii jirani alikuja nasi. Muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mzani, akaweka nukta kwenye kadi. Bado ilikuwa kwenye kijivu.

"Lakini imepanda," akasema, akatuonyesha kwa kidole.

Nilivua kofia nikamshukuru Mungu palepale, kwa sauti. Kisha nikamgeukia jirani nikamshukuru na yeye, kwa jina lake.