Mawifi wa Lagoni ya Keʻehi

Watu wa Keʻehi huko Hawaii walimjua Healani Kauwila kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Sauti hiyo iliwaita watoto wa mtaa wa Kalihi waje kuchukua wali wao dirishani pa jiko la shule, mpaka alipostaafu, na ndiyo iliyoongoza ngalawa ya akina mama kila Jumamosi ya mashindano. Alizaliwa hapo jirani na lagoni, ile ghuba ya maji matulivu, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha mananasi. Enzi hizo hapakuwa na bustani wala mabanda ya klabu za ngalawa, palikuwa na tope, vichaka, na ndege zikipaa kutoka uwanja wa jirani juu ya mapaa ya watu. Hata leo ndege hupita chini kiasi kwamba mtu hukatiza maneno yake, akasubiri, kisha akaendelea palepale alipoishia.

Bibi yake alikijua Kihawaii, ila alikisema kwa sauti ya chini, na mara nyingi kwa magimbi yake tu bustanini, kwa kuwa shuleni alichapwa kwa kukitamka. Healani alikuja kujifunza lugha hiyo ukubwani, jioni baada ya kuosha masufuria, akibanana darasani na vijana wa umri wa wanawe. Alijifunza polepole, lakini aliposhika alishika kweli, na klabu zote za lagoni zikawa zinamtaka yeye afungue mashindano kwa wimbo wa kuwasalimu wazee waliotangulia na kuyaomba maji ruhusa.

Jambo moja tu ndilo halikuwa sawa katika maisha yake, nalo lilikuwa wifi yake, Wailana.

Hao wawili walipiga kafi pamoja tangu Healani alipoolewa na Alika, kaka yake Wailana. Kisha mshika usukani wa zamani akazeeka, na klabu ikamchagua Healani akae kiti cha sita, kile cha nyuma kabisa, anapokaa mwenye kuongoza. Wailana alikuwa akikitaka kiti hicho yeye. Alikusanya makafi yake, kofia yake iliyosukwa kwa majani ya mkadi na sufuria yake ya wali, akahamia klabu ya pili, ambayo hema lake liko hatua chache tu mchangani. Huko alipewa kiti cha sita. Tangu siku hiyo mawifi hao walisalimiana kwa kuinua nyusi, na Alika, mtu mpole mwenye tumbo la kupendeza, akawa anaweka kiti chake katikati ya mahema mawili na kula kotekote.

"Mimi sina ubaya na mtu," alikuwa akisema. "Huku kuna kuku wa kuchoma, kule kuna nyama ya kufungwa kwenye majani. Ugomvi uendelee tu."

Jumamosi moja ya Juni lagoni ilijaa watu tangu asubuhi. Healani alisimama mbele ya ngalawa zilizovishwa makoja ya majani mabichi, akafumba macho, akaimba. Ndege ilipita katikati ya wimbo. Hakunyamaza, aliongeza sauti, na watu wakatabasamu huku wameinamisha vichwa. Alipofumbua macho alimwona Wailana akipangusa uso kwa ncha ya fulana. Jasho, Healani alijiambia. Jua lilikuwa limeshapanda.

Mchana ikafika zamu ya akina mama wa miaka sitini na kuendelea. Ngalawa ya Healani ilipangwa kando kabisa na ya Wailana.

"Wifi," Wailana alisema kwa mara ya kwanza baada ya misimu kadhaa, akitazama mbele. "Ukichoka njiani, nifuate tu nyuma. Nitakuachia povu."

"Angalia kofia yako isikuzibe macho," Healani alijibu. "Bendera za kugeuzia ziko kule, si sokoni."

Wanawake wa ngalawa zote mbili wakacheka, na kicheko chao kilikuwa hakijaisha bendera ya kuanzia ilipoanguka.

Walikwenda vizuri. Healani aliwaita kwa sauti, makafi yakazama na kutoka pamoja, na mpaka kwenye bendera walikuwa sambamba na akina Wailana, pua kwa pua. Kilichotokea baada ya hapo kina hadithi mbili mpaka leo. Healani husema Wailana aligeuza kwa upana mno. Wailana husema Healani aling'ang'ania njia isiyo yake. Wanachokubaliana wote ni kwamba mrengu, ule mti wa pembeni, wa ngalawa ya Wailana ulipanda juu ya ubavu wa ile ya Healani, wanawake wakaushika kwa mikono ili wausukume, wote wakaegemea upande mmoja, na ngalawa mbili zikapinduka taratibu kabisa, kana kwamba zimeamua kwenda kulala.

Healani aliibuka akitema maji ya chumvi. Akahesabu vichwa vya wenzake, wote walikuwepo. Momi, aliyekaa kiti cha tano, alishikwa na mkakamao wa mguu, basi boti ya uokoaji ikamchukua. Kisha boti hiyo ikaanza kuivuta ngalawa ya akina Wailana pamoja na watu wake. Wailana hakuwemo. Alikuwa anaogelea kuifuata kofia yake, ambayo ilikuwa inajiendea zake kuelekea uwanja wa ndege.

"We Wailana, iache hiyo kofia," Healani alimpigia kelele.

"Siiachi. Nimeisuka mwenyewe."

Aliipata, akaivaa ikiwa inachuruzika, akageuka na kuona boti imeshaondoka. Pale karibu palikuwa na ngalawa moja tu, ya akina Healani, nayo wanawake walikuwa wameshaiinua na walikuwa wanafua maji kwa kuyachota na kuyamwaga nje. Akaja polepole mpaka ubavuni, akashika ukingo wake. Akamtazama wifi yake. Maji yalikuwa yanamtoka Healani puani.

"Umenigonga," alisema Wailana.

"Wewe ndiye umenigonga."

"Kuna kiti?"

"Cha tano."

"Cha tano," Wailana alirudia, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Lakini akapanda. Akafua maji pamoja na wenzake, akachukua kafi la Momi, akakaa mgongo wake ukiwa mbele kabisa ya uso wa Healani.

Walianza kurudi wakiwa wameshaondolewa mashindanoni, bila haraka yoyote. Healani alikuwa anautazama ule mgongo mpana alioujua tangu ujana wake, ulivyokuwa ukiinama na kuinuka bila kupoteza mpigo hata mmoja. Hakukumbuka tena kwa nini alikuwa amejizuia kumtembelea.

"Asubuhi uliimba vizuri," Wailana akasema bila kugeuka. "Bibi yako alikuwa akiyaimbia magimbi hivyohivyo. Nilimsikia siku ya harusi yenu, alidhani yuko peke yake."

Healani alipangusa uso kwa ncha ya fulana, kama Wailana asubuhi.

"Piga kafi, wifi," alisema. "Unanilegezea."

"Mimi? Mimi ndiye ninayekuvuta tangu kule."

Kicheko kilianzia kiti cha tano, kikaenda mbele kiti kwa kiti, na walipofika ufukweni ngalawa ilikuwa inakwenda upogo kwa sababu mwenye usukani alishindwa kuona kwa machozi. Watu walipiga makofi kuliko walivyowapigia washindi. Alika aliingia majini na nguo zake zote, akashika pua ya ngalawa, asijue amkumbatie nani kwanza.

"Mke wako kanipindua," dada yake alimshitakia.

"Nimeona," Alika alisema. "Nimeona kila kitu. Njooni mle."

Msimu uliofuata Wailana alirudi klabu ya zamani. Mazungumzo kuhusu kiti cha sita yalichukua jioni kadhaa na vikombe vingi vya kahawa jikoni kwa Healani. Mwisho walipatana: mazoezini ataongoza Wailana, na kwenye mashindano ataongoza Healani. Wenzao wanasema ni afadhali walipokuwa hawasemezani. Sasa wanabishana kutoka mchangani mpaka kwenye bendera, na kutoka kwenye bendera mpaka mchangani, na mwaka huu wameshinda mara mbili.