Makokha Hataki Kulala

Tonny alikuwa na miaka saba na usonji, na tangu azaliwe hakuwahi kulala bila kushika sikio la mamake, Nabwile. Sasa shule ya bweni ya watoto kama yeye, hapo Kitale, ilikubali kumpokea kwa sharti moja: alale mwenyewe. Mlezi wa bweni hakuficha. "Mama, mimi kila mtoto nampa kitanda chake. Masikio ya kuwagawia sina."

Basi Nabwile akaanza. Kila jioni blanketi lile lile, taa ile ile, maneno yale yale: "Tonny analala. Mama yuko hapa." Kwanza alikaa kitandani, kisha kwenye kiti cha plastiki, na kiti chenyewe akawa anakirudisha nyuma kidogo kidogo.

"Mama Tonny, hicho kiti kinasafiri mpaka mji wa Kachibora?" jirani yake Wahu akamcheka.

Kiti kilifika mlangoni, kikatoka nje, na mtoto akalala. Nabwile alilia akiuma leso.

Desemba mumewe Wakhungu akawapeleka kwao Bungoma. Nyumba imejaa wageni, redio juu, na Tonny akapiga mayowe. Nabwile alipoinuka, mama mkwe, Rispah, akamzuia.

"Kaa chini. Umemtupa mtoto kama kuku, sasa unataka nini?"

"Mama, ana usonji. Daktari alisema—"

"Ati usonji! Huyu analilia jina. Mlimpa jina la redioni."

Huko kwao, kitoto kichanga kikilia bila kukoma huitiwa majina ya marehemu. Kikinyamaza kwa jina fulani, ndilo lake. Lakini Tonny si kichanga. Ilibidi Wakhungu amshike miguu, Rispah ambane kifuani. "Wewe ni Wekoye? Wewe ni Wanjala?" Mtoto alijinyonganyonga, akauma mtu. Nabwile alipojaribu kupenya, shemeji zake wakamfungia jikoni. Waliita na kuita, mpaka sauti ya mtoto ikakatika. Walikuwa wamefika kwenye jina la Makokha, marehemu mume wa Rispah.

"Amenyamaza! Mzee amerudi!" Vigelegele vikapigwa.

"Amechoka tu!" Nabwile alipiga kelele nyuma ya mlango. Nani amsikie?

Tangu hapo jina Tonny likawa mwiko. Waliporudi nyumbani Kitale, kila jioni Wakhungu alisimama nyuma ya mkewe akisikiliza. "Makokha analala. Mama yuko hapa." Mtoto alimtazama mamake mdomo, halafu akagonga kichwa ukutani. Jioni moja Nabwile alinong'ona "Tonny", na kofi likamfikia kabla hajamaliza sentensi.

Shule ilipofunguliwa, Wakhungu alimwandikisha kwa jina la Makokha, na mlezi wa bweni akamrudisha kabla ya wiki kuisha. "Mama, pole. Nikimwita Makokha, hata hageuki. Bweni zima halilali. Nafasi nimempa mwingine."

Rispah hakungoja kuitwa mara mbili. Alikuja, akamvuta mjukuu kwa mkono hadi kwenye gari, naye Wakhungu akabeba begi. Nabwile alibaki ameshikilia blanketi walilokataa kulichukua.

Jioni akapiga simu Bungoma.

"Amelala," Rispah akasema. "Peke yake, chumba cha nyuma. Hata ukimtikisa haamki."

"Mama, umempa nini?"

"Dawa ya kikohozi. Nusu chupa tu."

"Mama, tafadhali, mpeleke hospitali sasa hivi!"

"Wewe bana! Si ulitaka alale?"

Akakata simu.